Fundo la Ntwali

Mimi hasira zangu hazikai mbali, na siku ile zilishafika mlangoni. Nilikuwa nimepiga magoti uani kwa mzee Théoneste, pale Rubona, mbele ya boksi la spika ambalo marehemu mwanawe Ntwali alilitengeneza kwa mbao za mtumbwi mbovu. Pembeni yangu palikuwa na amplifaya ya besi tuliyoazima kwa kwaya ya Nyundo. Wageni wa kuondoa kilio walishaanza kuingia, na mzee alikuwa amenikataza kulifungua boksi.

"Mi sitaki mutu aguse kazi ya mutoto yangu," alisema. "Chomeka tu. Zamani ilikuwa inalia."

"Ilikuwa inalia na amplifaya ya gari, Mzee! Ile imekufa. Hii ni nyingine kabisa."

"We Mwiza, unanipandishia sauti kwangu?"

Nikajiambia: Hasira hasara.

Ntwali ndiye aliyenifundisha gitaa la besi katika kwaya yetu. Alikuwa akicheka Kiswahili changu nilichotoka nacho Karagwe, akisema naongea kama redio, nami nikilicheka boksi lake. Ndani alitia spika mbili za gari, za ohm nne kila moja, akaziunganisha bega kwa bega, kwa hiyo zote pamoja zikawa ohm mbili tu. Amplifaya ya gari huvumilia hilo. Hii ya Nyundo imeandikwa mgongoni, wazi kabisa, kwamba isipewe chini ya nne. Nilipima kwa mita, na mita ikasoma chini ya mbili.

Ningeweza kuleta boksi jingine tukaimba tukala tukaenda zetu. Lakini kwa watu wa Rubona, siku ya kuondoa kilio, kazi ya marehemu lazima ianze tena. Kama alikuwa mkulima, ndugu hushika jembe lake na kulima kidogo, ndipo watu wanywe. Ntwali hakuacha jembe wala wavu, aliacha boksi. Mzee alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba lisipolia leo, kwake kilio hakijaisha. Nikichomeka, naunguza amplifaya ya watu. Nisipochomeka, namwacha na msiba wake.

Na ni mzee huyu huyu, jamani! Alimwita kijana mvivu kwa sababu alikataa kwenda kuvua sambaza, dagaa wa ziwa la hapa. Kila Ntwali alipopiga besi, baba alitoa kichwa dirishani: "Kelele gani hiyo?" Leo ndiye analilinda boksi asilotaka kulisikia. Iliniuma, nikatamani kumwambia.

Sikumwambia. Nikamuuliza, "Mzee, ukisukuma mlango kwa nguvu, na upande wa pili hakuna anayeuzuia, inakuwaje?"

"Naanguka."

"Basi amplifaya nayo ni hivyo. Boksi hili haliizuii vya kutosha. Niache nizipange spika zifuatane, umeme upite kwa moja ndipo uende kwa nyingine. Zitakuwa ohm nane. Sauti itapungua kidogo, lakini amplifaya haitaungua."

"Kwa hiyo utafungua kitu yeye alifunga."

"Ndiyo, Mzee."

Mama Donatille, mkewe, alikuwa amesimama nyuma yetu na sahani mikononi. "Baba Ntwali," alisema, "mutoto mwenyewe alikuwa anafungua hii kitu kila juma. Acha."

"Bon. Fungua. Lakini mi naangalia."

Nikatoa skrubu, nikavuta ubao wa nyuma. Nyaya zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi wa nailoni, zisilegee boksi linapotetemeka. Nikachukua kisu nikate uzi.

"Ngoja!" Mzee akanishika mkono, akainama hadi kichwa kikaingia ndani ya boksi. Alikaa humo muda. "Hii ni fundo yetu ya wavu," alisema. "Baba yangu alinifundisha. Mi nilimuonyesha Ntwali mara moja tu, akiwa mudogo. Akageuka, akaenda kucheza. Nilizani hakuangalia."

"Kumbe alikuwa anaangalia," alisema mama Donatille.

Mzee alilifungua fundo mwenyewe, kwa kucha, bila kukata uzi. Nikahamisha nyaya, nikapima, mita ikasoma karibu saba, ndivyo inavyosoma spika za ohm nane. Nilipotaka kuzifunga akanisogeza kwa kiwiko. "Acha, mi nafunga." Akafunga kwa uzi ule ule, fundo lile lile.

Nikachomeka. Nikapiga ule wimbo wa kuingilia kanisani alioupenda Ntwali. Sauti haikuwa kubwa kama ya zamani, lakini ilikuwa yake, nzito na yenye mkwaruzo kidogo chini. Mama Donatille aliweka kiganja juu ya boksi, hakukitoa. Mzee alisimama ameinamisha kichwa, machozi yakimtoka bila kuyafuta, na mimi nililia huku nikipiga.

Nilipomaliza, watu wote uani walimgeukia mzee, wakisubiri aseme.

"Kelele," alisema.

Akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na boksi, bega lake likigusa mbao.

"Piga tena."