Namba za Brindle ya Clem

Jumapili saa nne asubuhi, Beryl Hodgetts alitandaza gazeti chini ya pikipiki ya marehemu mumewe, aina ya Brindle. Pikipiki za Brindle zote huvuja oili, na ukumbi wa kanisa pale Wolverhampton, Uingereza, ulikuwa umetoka kupigwa deki. Kiwanda chake kilifungwa miaka hamsini iliyopita. Wamebaki hawa wazee wa klabu ya wapenzi wake, ambao hawaambiliki kitu juu ya Brindle.

Beryl anahamia nyumba ya wazee, na karatasi ya kuikabidhi pikipiki kwa klabu alishaitia saini. Alitaka kitu kimoja tu: iwekwe kwenye makumbusho yao, na kibao chenye jina la mumewe, Clem, aliyeiunda kiwandani.

Tranter, mtunza kumbukumbu wa klabu, alipiga magoti, akamulika namba ya injini, kisha ya fremu.

"Namba hazilingani, Bi Beryl. Hii ya kuungaunga. Za hivi tunazifungua, vipuri vinasaidia zile halisi."

"Ilitoka kiwandani hivyo hivyo!"

"Shahidi nani?"

Clem aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini, na mwenye zamu ya chai alimkumbusha afute viatu.

"Ijumaa ile fremu zilituishia," alisema Clem. "Msimamizi akasema chukua yoyote. Nati zote hizi nimezikaza mimi."

Tranter alimpa kiti, akafungua daftari la kiwanda, akapitisha kidole ukurasa mzima.

"Tunakuheshimu sana, Bwana Hodgetts. Ila jina lako humu halimo."

"Humo ziliandikwa pikipiki, bwana wee. Sisi tuliandikwa lini?"

"Ndiyo hivyo. Sasa mimi nifanyeje?"

Wanachama walikubaliana kwamba inasikitisha. Wawili walimuuliza Clem dawa ya oili kuvuja, akawaeleza, wakaandika.

Tranter alianza kufungua gurudumu la mbele. Nati ikagoma, spana ikateleza.

"Lete hapa, utaua nyuzi za nati," alisema Clem. Akapiga magoti, akaifungua yote mwenyewe, polepole, huku Beryl amemshikia kopo la nati. Kila kilichotoka, Tranter alikibandika karatasi: *Brindle, halisi.*

Walipomaliza, Beryl alimtazama mumewe, akaomba karatasi moja ya ziada, ya kumbandika yeye.

Tranter alihesabu zilizobaki, akamwambia hizo ni za vipuri tu.