Maombi Yasiyo na Amina

Bi Verna Sikkema aliingia ukumbi wa bodi ya shule ya Maple Bend akiwa na hasira ya kuchemshia chai ya harusi. Nyuma yake waliingia Lois, Bernadine na Marge, wenzake waliopika naye kantini ya shule hiyo miaka thelathini na mmoja. Viazi vya kuponda walivyokoroga wanawake hao vinatosha kulifukia Ziwa Michigan lote, na bado mbwa wakapata makombo.

Orrin Pelkey, mwalimu wa historia aliyestaafu, alikuwa ameketi safu ya mbele, miguu ameitandaza kama yuko sebuleni kwake.

"Verna! Umekuja kuwafunga watoto midomo?"

"Nimekuja kumfungulia mmoja. Sogeza magoti yako."

"Maneno ni maneno, bibie. Ukiwapa wakubwa gundi ya kuziba midomo, hawatauliza mdomo ni wa nani."

"Mjukuu wako angezungukwa mezani kila siku, ungeniletea hotuba hiyo?"

"Ningekwenda kuongea na wazazi wao."

"Nilikwenda," Verna akasema. "Wakaniombea."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Sheria ya jimbo ilikataza uonevu shuleni, na kila bodi ilitakiwa kuandika kanuni zake. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Harlan Boersma, alitaka kuongeza mstari mmoja: kwamba maneno yanayotokana na imani au dhamiri ya mwanafunzi yasihesabiwe kuwa uonevu. Ukiusoma mbiombio, mstari huo unaweza hata kuupenda.

Verna aliusoma polepole. Mjukuu wake Linnea, wa miaka kumi na minne, alikuwa na mama wawili: Dawn, binti ya Verna, na Rochelle, mkewe Dawn. Tangu Januari, kila siku saa sita mchana, wanafunzi saba walikuwa wakiizunguka meza yake kantini, wakishikana mikono, wakiinamisha vichwa na kumwombea kwa sauti. Bwana, mtoe Linnea katika nyumba ile ya uchafu. Bwana, waponye mama zake kabla moto haujawafikia. Wakimtaja kwa jina, mbele ya watoto mia nne waliojaza piza midomoni. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemtukana. Linnea aliacha kwenda kantini, akawa anajifungia kwenye stoo ya mafagio na kutafuna biskuti za chumvi. Mama zake walikwenda kulalamika, mwalimu mkuu akasema anasubiri kanuni. Sasa kanuni ndiyo hii. Mstari ukipita jioni hii, kesho saa sita wale saba wangekuwa na ruhusa ya maandishi. Dawn na Rochelle wote walikuwa zamu ya jioni kiwandani, kwa hiyo Verna ndiye aliyekuja.

Boersma aligonga nyundo yake ndogo na kuweka saa ya kupikia mayai mezani.

"Kila msemaji dakika tatu. Hakuna kutaja jina la mwanafunzi, la mfanyakazi, wala la mjumbe. Tuheshimiane. Bi Sikkema, karibu."

Verna akakishika kipaza sauti kama anakamata kuku. "Mjukuu wangu Linnea..."

Nyundo ikalia. "Bi Verna, hakuna majina."

"Ni jina la mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyelichagua."

"Kanuni ni kanuni."

"Wale watoto wanalitaja kila mchana kwa kelele, mnasema ni uhuru wao. Nikilitaja mimi, bibi yake..."

Kipaza sauti kikafa. Boersma alikuwa amebonyeza kitufe. "Umekiuka utaratibu. Muda wako umekwisha. Anayefuata, Bwana Pelkey."

Verna alisimama pale akitikisa kichwa mpaka pini za nywele zikaanza kuchomoka. Nyuma yake akasikia kiti kikisukumwa.

"Harlan," akasema Pelkey, "dakika zangu tatu nampa yeye."

"Orrin, wewe uko upande wetu!"

"Niko upande wa mtu anayeongea. Nimekuja hapa kusema watu wasikatwe, na wewe kitu cha kwanza umekata. Washa hicho kidude." Akamgeukia Verna. "Sikubaliani na wewe hata punje. Chukua."

Verna alikuwa na hotuba ya kurasa mbili mkobani. Akaiacha humo humo. Alimtazama Boersma, mtu aliyemfahamu tangu ana miaka sita na analia akiona njegere, na hasira yake, iliyokuwa inatokota, ikatulia ghafla. Akanyoosha mikono pembeni. Lois akaushika mmoja, Marge mwingine, Bernadine akajiunga bila kuuliza. Wanawake wanne wakapanda jukwaani, wakaizunguka meza ya mwenyekiti.

"Tuombe," Verna akasema.

Sasa, Maple Bend ina watu elfu tatu na makanisa kumi na moja, na neno hilo likitamkwa vichwa huinama kama vimevutwa na kamba moja. Fundi aliyekuwa juu ya ngazi akitengeneza taa alivua kofia. Wajumbe wakainama. Boersma naye aliinama kabla hajajijua. Na katika mji huo hakuna aliyewahi kumkatiza mtu anayeomba. Inasemekana kanisa la Mtaa wa Nne lilipowaka moto, wazima moto walisimama nje na mipira yao, helmeti mkononi, mpaka shemasi alipomaliza kuombea wagonjwa.

"Bwana, tunamleta mbele zako Harlan Boersma. Harlan, Bwana. Harlan wa Mtaa wa Cedar, nyumba ya kijani. Mtoe katika kiburi chake. Unajua yanayotendeka ndani ya nyumba ile, Bwana. Sisi hatusemi."

"Hatusemi," wakaitikia wale watatu.

"Mfariji mkewe, kwa sababu ya hayo ambayo hatusemi."

Saa ya mayai ikalia. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Na pia, Bwana, tunamkumbuka Linnea. Unalijua jina lake, ni Linnea. Linnea hali chakula, Bwana. Linnea anakaa na mafagio." Akavuta pumzi ndefu. Ukumbi mzima ukajiandaa kusema Amina. "Na pia, Bwana! Kuanzia kesho tutakuja kumwombea Harlan kila siku anapokula mchana pale mgahawani. Kwa sauti. Kwa jina. Hatutamgusa, Bwana, ni dhamiri zetu tu zinatusukuma..."

Masikio ya Boersma yalikuwa mekundu kiasi cha kuotea moto. Mke wake, aliyekuwa safu ya pili, alikuwa amejifunika uso.

"Na pia, Bwana..."

"Inatosha!" Boersma aliruka kutoka kitini. "Tokeni hapa! Huu ni uonevu!"

Katibu, Bi Tooley, ambaye huandika kumbukumbu za mkutano mpaka kikohozi, akainua kalamu. "Mwenyekiti, niliandike neno hilo kama ulivyolisema?"

Boersma akaketi. Bi Tooley akaliandika.

Pelkey ndiye aliyesema "Amina" kule chini, na watu wakaketi.

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Mstari ulikataliwa.

Mlangoni Pelkey alikuwa anamsubiri, hana tabasamu. "Nilikupa dakika zile uzungumze, Verna. Umezigeuza rungu."

"Rungu ni lao. Mimi nimeliazima tu."

"Na mke wa Harlan alikukosea nini?"

Verna akampita, akatoka nje.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani kwa Dawn, kifua mbele. Linnea alikuwa jikoni na simu mkononi. Mkutano ulirushwa moja kwa moja mtandaoni.

"Tumeshinda, mwanangu!"

"Umetaja jina langu mara tano, bibi."

"Nilikuwa nakutetea."

"Ulikuwa unamkomoa yule mzee. Mimi ulinibeba kama bango. Mambo ya stoo nani alikuambia uyaseme? Hakuna aliyekuwa anajua nakaa wapi!"

Verna, aliyekuwa ameinamisha ukumbi mzima, sasa akainamisha kichwa chake.

"Kesho nakwenda kula mezani," Linnea akasema. "Usije. Hata kukaa garini nje, usije. Na usimpigie mwalimu mkuu."

Kesho yake Verna alimenya viazi jikoni kwa Dawn. Saa sita ilipogonga alikuwa amemenya vya kulisha jeshi, na saa saba alikuwa anamenya vya jeshi la adui.

Saa tisa Linnea akaingia, akatupa begi, akafungua friji.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Wale saba je?"

"Walikuja watano. Msimamizi akawaambia waondoke. Wakaondoka." Akanywa maziwa kutoka kwenye chupa. "Nikamaliza sahani yangu. Halafu meza ya nyuma wakaanza. Wananiita 'Na Pia Bwana.' Shule nzima. Mpaka kwenye basi."

Kisu kikaanguka kwenye beseni. "Kina nani hao?"

"Bibi."

"Nataka majina tu."

"Bibi!"

Verna akafunga mdomo, na kuufunga kukamuuma mpaka taya.