Bwana Pua na Mfumo Mpya

Watu wa masjala ya baraza la ardhi walimwita Kanda, kwa kuwa alianza kazi enzi ambazo mashauri yalirekodiwa kwenye kanda, na kanda zilipotupwa jina lilikuwa limeshamganda. Alikuwa haoni. Ugonjwa ulimchukulia jicho la kulia akiwa na miaka thelathini na miwili, na la kushoto mwaka uliofuata. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za mashauri na kuzipiga chapa neno kwa neno, na hakuna mpiga chapa mwenye macho mawili aliyemfikia kwa kasi wala kwa usafi wa kazi.

Alifanya hivi: mguu wa kulia ulikaa juu ya pedali iliyosimamisha na kuendesha rekodi, sikio la kushoto lilimsikia shahidi, na sikio la kulia lilimsikia Bwana Pua. Bwana Pua ilikuwa programu ya kusoma skrini kwa sauti, iliyotengenezwa na mhadhiri mmoja wa chuo kikuu kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wasioona. Sauti yake ilitokea puani kama ya mtu mwenye mafua yasiyopona, lakini Kiswahili alikijua. Alitamka ng'ombe ikawa ng'ombe, akatofautisha kufa na kufaa. Kanda alikuwa amemzoea kiasi kwamba alimweka kasi mara tatu ya mtu anavyozungumza. Mwingine akivaa vile vipokea sauti alisikia mlio kama wa nyuki ndani ya chupa, akavivua haraka, watu wakacheka. Kanda alisikia kila herufi.

Fundi wa kompyuta wa masjala alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Kanda alipopofuka, yeye ndiye aliyekuwa akikaa naye sebuleni baada ya shule, akimsomea maandishi ya skrini mpaka mjomba akajifunza kupiga chapa kwa vidole peke yake. Ndipo binti naye akazipenda kompyuta. Kazini alimwita Mzee kama wengine, nyumbani Mjomba. Kila Jumamosi mchana alikuja kula kwake, na mke wa Kanda alimwekea sahani hata kabla hajabisha hodi.

Barua kutoka makao makuu ilifika mwanzoni mwa mwezi. Ilisema kompyuta zote zibadilishwe mfumo endeshi, wa zamani utolewe na mpya uwekwe, na mashine itakayokutwa na ule wa zamani itachukuliwa. Msajili, mkuu wa masjala, alikuwa mwanamke mtaratibu asiyependa kulazimisha mambo. Aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano ili kila mmoja aseme lake kabla ya kazi kuanza.

Walisema. Karani wa mafaili alilalamika kwamba amechukua miaka miwili kujua vitufe vilipo, na sasa anahamishiwa nyumba ambayo hata choo hajui kiko upande gani. Mpokea wageni alikuwa ameuona mfumo mpya kwa shemeji yake, akausifu kuwa unawaka upesi na rangi zake zinapendeza macho. Mwingine aliuliza kama printa ya ghorofani, ambayo hata sasa inafanya kazi ikijisikia, itakubaliana nao. Mabishano yakachukua karibu saa nzima, mengi yakiwa ya printa.

Kisha Fundi akasimama. Hakuzungumzia rangi. Aliwakumbusha yaliyowapata wakati wa mvua, karani wa wakili mmoja alipochomeka flashi yake kwenye kompyuta ya masjala, virusi vikaingia, na asubuhi iliyofuata kila faili limefungwa kwa maandishi yasiyosomeka. Walioutengeneza mfumo wa zamani walikuwa wameacha kutuma marekebisho ya kuulinda, na tundu ambalo virusi vilipitia lilikuwa bado wazi pale pale. Akataja shauri la mjane aliyekuwa amengoja miaka sita. Ushahidi wa jirani yake, mzee pekee aliyekumbuka mpaka wa shamba ulipopita, ulipotea pamoja na rekodi yake. Masjala ilipomwita tena yule mzee atoe ushahidi upya, walikuta ameshazikwa.

Ushahidi ule Kanda ndiye aliyeupiga chapa. Alikumbuka sauti ya yule mzee, jinsi alivyokohoa kila alipotaja mti uliokuwa alama ya mpaka, na jinsi mjane alivyolia kwenye korido siku alipoambiwa shauri lake linaanza upya. Msajili alipouliza kama Mzee Kanda ana la kusema, alijibu kwamba hana pingamizi. Aliuliza jambo moja tu, kama Bwana Pua atahama pamoja nao. Fundi akasema analishughulikia.

Jumamosi hiyo alikuja kwa mjomba wake kama kawaida, lakini chakula hakukigusa. Mke wa Kanda alipoondoka na vyombo, alisogeza kiti karibu na kueleza kila kitu. Alikuwa amemjaribu Bwana Pua kwenye mfumo mpya siku tisa, kwa kila njia anayoijua, naye hakutoa hata mkoromo. Alikuwa amemwandikia yule mhadhiri. Aliyejibu alikuwa mfanyakazi mwenzake, akaeleza kwamba mhadhiri alifariki mwaka juzi, na kompyuta iliyokuwa na kazi yake yote familia iliigawa bila kujua kilichomo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na maandishi asili ya programu ile, ambayo bila hayo haiwezi kurekebishwa.

"Kwa nini hukusema mkutanoni?" Kanda aliuliza.

"Nilidhani nitapata njia, Mjomba. Niliona aibu kusema sina."

Halafu yeye, aliyeutetea mfumo mpya mbele ya watu wote, akaanza kuupinga. Aliiweka wazi mipango yake: kompyuta ya mjomba aiache na mfumo wa zamani, aikate kwenye mtandao, aiandike kwenye orodha ya mashine kuwa ni mbovu. Rekodi atakuwa anamletea mwenyewe kwa flashi na kazi iliyokamilika anaichukua kwa flashi hiyo hiyo. Makao makuu hawatajua. Alizungumza haraka haraka, kama mtu anayehofia kukatizwa.

Kanda alimwacha amalize. Kisha akamuuliza virusi vya wakati wa mvua viliingia kwa kitu gani.

"Kwa flashi," alijibu.

"Na wakikuta umeandika uongo kwenye orodha, nani atafukuzwa?"

Kanda akachukua upande ambao mpwa wake alikuwa ameushika mkutanoni, akauelezea vizuri kuliko alivyoueleza yeye. Alisema mashine moja ikiachwa na tundu, masjala nzima ina tundu. Alisema wale wanaokaa kwenye benchi la korido wakingoja kuitwa hawana habari na sikio lake, wanachotaka ni maneno yao yakae salama. Alitamani, huku akisema hayo, binti apate hoja ya kumshinda. Alimpa nafasi, akanyamaza mara mbili katikati ya maneno ili aingie. Fundi alilia tu, kimya kimya, na Kanda akajua kwa jinsi alivyokuwa akivuta pumzi.

"Basi weka," akamwambia. "Anza na yangu, nisije nikabadili mawazo."

Ukawekwa Jumatano asubuhi. Kanda alikaa pembeni kwenye kiti cha wageni, mikono magotini. Mashine ilipowaka tena ilimkaribisha kwa sauti mpya, safi, ya mwanamke asiye na mafua. Mfumo ule ulikuwa na msomaji wake, ila Kiswahili hakukijua. Alikisoma kwa kanuni za lugha yake, akakata maneno mahali pasipokatwa na kumeza silabi za mwisho. Mlalamikaji akawa kitu kama jina la dawa. Mdaiwa hakutambulika kabisa. Kanda aliomba apunguziwe kasi, akapunguziwa, akaomba tena. Mwishowe alibaki kusomewa herufi moja moja, m, l, a, l, kama mtoto wa darasa la kwanza, na hata herufi zenyewe zilikuwa na majina ya kigeni.

Hakukata tamaa siku hiyo. Alifika kazini mapema, akaondoka wa mwisho jioni. Zamani alimaliza mashauri manane kwa wiki, sasa alijitahidi kumaliza moja. Alirudi nyumbani kichwa kinamgonga, mke wake akizungumza naye anaomba arudie. Wapiga chapa wengine wawili waligawana kazi yake bila kunung'unika, na hilo lilimuuma zaidi ya manung'uniko. Fundi alileta sauti hii na ile aliyoitafuta huku na huko. Moja ilisoma vizuri lakini iliganda kila baada ya sentensi mbili. Nyingine ilihitaji kupeleka maandishi nje ya ofisi yakasomwe huko yarudi, jambo ambalo sheria ya baraza ilikataza. Ukaisha mwezi, ukaisha wa pili.

Kosa lilitokea mwezi wa tatu. Dada mmoja alikuwa ameeleza barazani kwamba baba yake alikufa kabla mpaka haujapimwa, kwa hiyo sahihi iliyo kwenye karatasi ya vipimo haiwezi kuwa yake. Kwenye kibodi, herufi f na j ndizo zenye vinundu, kimoja chini ya kidole cha shahada cha kushoto, kingine cha kulia. Ni vinundu hivyo vinavyomwongoza asiyeona. Katika uchovu, kidole cha kulia kilitangulia cha kushoto. Ikasomeka kwamba baba alikuja kabla mpaka haujapimwa. Bwana Pua angeisoma mara moja tu na Kanda angeruka kitini. Sauti mpya iliyasoma maneno yote mawili kwa mvurugo mmoja, naye akapitisha.

Wakili wa upande wa pili aliiona. Alisimama barazani na kusoma kwamba marehemu alikuja, kwa maandishi rasmi ya masjala. Dada wa watu akakanusha, akaonekana mtu anayegeuza maneno. Ilichukua wiki tatu kuitafuta rekodi, kuisikiliza mbele ya pande zote na kusahihisha. Haki yake haikupotea, lakini katika wiki hizo tatu nusu ya ndugu zake walikuwa wameshaamini kwamba alidanganya, na wengine hawakurudi kuamini vinginevyo.

Msajili alimwita Kanda ofisini na kufunga mlango. Hakumkaripia. Alimwambia kosa kama hilo lingeweza kumpata yeyote. Kanda akamjibu kwamba si kweli, na kwamba wote wawili wanajua. Akaweka mezani vile vipokea sauti, waya umekunjwa vizuri, akaomba apewe kazi nyingine, au kama haipo, aende nyumbani.

Walimpa meza karibu na lango. Kazi ilikuwa kuwaelekeza watu, maombi mapya mlango wa pili, nakala mlango wa tano, na kupokea simu ambayo haikulia sana. Mfumo mpya ulikaa vizuri. Hata printa ya ghorofani ilikubaliana nao. Virusi vilijaribu kuingia mara moja vikazuiwa, na makao makuu wakamwandikia Fundi barua ya pongezi, ambayo Msajili aliisoma mbele ya wote. Kanda alipiga makofi pamoja na wenzake. Hakuwa anaigiza. Kazi ilikuwa imefanywa vizuri.

Wiki moja baadaye, Fundi alimfuata pale mezani saa za kufunga. Watu walikuwa wameondoka, viti vimepinduliwa juu ya meza ili sakafu ipigwe deki. Alikuwa na kompyuta yake ndogo na sauti nyingine, aliyoipata kwa watu wasiomfahamu baada ya kuwaandikia barua kumi na nne. Kanda akavaa vipokea sauti na kusikiliza ukurasa mzima. Ilikuwa bora kuliko zote zilizotangulia. Maneno alimudu kuyafuata ikisoma polepole. Alipoiongeza kasi, yaligongana yakawa kelele.

"Bado kidogo," Fundi alisema. "Nipe miezi michache. Wameniambia wanairekebisha."

Kanda akavivua, akapapasa mpaka akaupata mkono wa binti, akamkabidhi.

"Usinitafutie tena, mwanangu."

"Mjomba, siwezi kuacha."

"Utaacha. Kila ukija na sauti mpya naanza kuhesabu siku za kurudi kwenye kiti changu. Halafu hakirudi kitu. Kazi niliyokuwa naiweza imeisha, na mimi bado nipo. Sijui nikueleze vipi jinsi hilo lilivyo. Nimechoka kutumaini, ndiyo habari yote."

Fundi alitaka kusema kwamba kosa ni lake. Kanda alimtangulia, akamwambia kosa si la mtu, na kwamba angeulizwa leo angesema tena mfumo uwekwe. Aliyasema polepole, bila faraja ndani yake, na binti akaelewa kwamba hayakusemwa ili kumtuliza.

Alifunga kompyuta akaiingiza kwenye mkoba, kisha akakaa kwenye kiti cha wageni kando yake. Mfagiaji akafika kwenye lango na ndoo, akawaomba wainue miguu. Wakainua.