Shemeji Kyabagenzi

Jumamosi asubuhi Joviana alikuwa anamenya ndizi nyuma ya nyumba yake, Izigo, utomvu umemganda vidoleni, Ephrasia alipofika kuazima karai. Ephrasia alikuwa mke wa Lwakatare, mnunuzi wa kahawa, na sketi yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Alisema kijito cha Kyabagenzi kimeacha njia yake na kuingia nyumbani kwao. Kimepita mlango wa nyuma, kimekata sebule katikati, kimetokea mlango wa mbele. Walikiwekea magunia ya mchanga, kikayapanda kama ngazi.

"Maji ni safi?" Joviana aliuliza.

"Ni safi, Ma Joviana. Ila makochi yameloa."

Joviana akampa karai, tena lile kubwa. Alipobaki peke yake alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Alikuwa hajacheka tangu afiwe, na hakuona sababu ya kujizuia. Alimchukia Lwakatare kama mtu anavyochukia jino bovu, akila na akilala, na alitaka jambo moja tu duniani: kumwona akitoka kwenye nyumba ile na godoro kichwani, hana pa kwenda.

Nyumba ile ilijengwa kwa dhahabu. Boniface, mume wa Joviana, alikuwa kinyozi. Jumapili baada ya misa, yeye na Lwakatare walibeba makarai na sepetu wakashuka Kyabagenzi kuosha mchanga. Hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu wawili wenye kazi zao, waliopenda kuinama majini na kutazama kinachobaki chini ya karai, na mara nyingi waliambulia chembe za kukaa kwenye kucha. Ili siku ya bahati wasije wakadhulumiana, walikula omukago, undugu wa damu, kama babu zao walivyokula: punje mbili za buni za ganda moja, kila mmoja akapaka yake damu ya kitovuni, mwenzake akaimeza. Anayemgeuka ndugu wa omukago huvimba tumbo akafa. Hilo halikuwa na mjadala.

Bahati ikaja masika yaliyopita. Siku hiyohiyo ukingo ulibomoka ukamwangukia Boniface. Lwakatare alikuja kijijini jioni kuomba watu na majembe, na walipomfukua mwenzake alikuwa ameshapoa. "Alikufa palepale, hakusema hata neno," Lwakatare alisema kaburini, katikati ya kibanja cha migomba cha marehemu, na akalia vizuri. Kabla ya arobaini alikuwa ameshamwaga msingi. Joviana hakupewa hata chembe, akamsubiri avimbe. Kila alipopita alimwangalia tumbo. Tumbo lilibaki bapa kama la kijana wa sekondari.

Sasa watu walikusanyika kwenye sebule yenye kijito, na katekista Revocatus, aliyejua mila kuliko alivyopaswa, akamuuliza Lwakatare kama ile buni aliimeza.

"Niliitema," Lwakatare alisema. "Nina vidonda vya tumbo, Ta Revocatus. Kahawa inanisumbua."

"Si ndiyo kazi yako, kahawa?"

"Kununua si kula."

"Uliitemea wapi?"

"Majini."

Revocatus akatikisa kichwa. Basi, mambo yalikuwa wazi. Buni yenye damu ya Boniface ilimezwa na kijito, kwa hiyo ndugu wa Boniface ni kijito, na ndugu akifiwa huja matangani. Kilichelewa kwa sababu hakina miguu. Na kwa kuwa ni ndugu wa Boniface, Joviana ni shemeji yake, na hakuna mwingine anayeweza kukiomba kirudi kilikotoka.

Joviana akavaa kitenge cha kanisani, akaenda. Lwakatare alimpokea mlangoni, suruali ameikunja.

"Shemeji, nisaidie," alisema. "Kiambie kirudi."

"Mimi si shemeji yako. Shemeji yangu ni huyu."

Akapiga magoti ukingoni, kati ya kabati la vyombo na televisheni, akasalimu kwa adabu yote. "Shemeji, pole na safari. Umefika nyumbani. Kaa hapa, wala usiondoke."

Kijito kilisikia. Jioni kilikuwa kimepanuka hadi chini ya kitanda.

Lakini dua la kuku halimpati mwewe. Kijito kilikuja na mchanga wake, na mchanga ulikuja na kilichomo ndani yake. Lwakatare alianza kuosha dhahabu akiwa ameketi kwenye kochi, miguu majini. Majirani wakaja na makarai yao, wakiwemo waliobeba jeneza la Boniface, naye akawagawia nafasi ukingoni na kuchukua fungu lake. Akatandika mbao kutoka chumbani hadi jikoni. Wafanyabiashara wa dhahabu wa Muleba mjini na Bukoba walivua viatu mlangoni wakasifia ubaridi wa nyumba. Ephrasia aliosha vyombo bila kutoka nje.

Joviana aliyaona hayo na moyo ukamchemka. Alirudi kwenye sebule ile, na safari hii hakupiga magoti.

"Shemeji, nilikukaribisha umfukuze, wewe unamlisha! Siku ile ulikuwepo. Ndugu gani anaona kwa macho yake halafu ananyamaza? Sema!"

Kijito kilitulia kama mtu anayemaliza kikombe chake cha chai kwanza. Kisha kikasema, kwa sauti ya Boniface:

"Lwaka, nitoe. Ni mguu tu umebanwa."

Kikajibu kwa sauti ya Lwakatare, ya kawaida kabisa: "Nakuja."

Kisha zikasikika hatua za mtu akipanda ukingo, na pikipiki ikishika njia ya Bukoba.

Kila aliyekuwemo sebuleni aliijua nakuja ile. Iko nakuja ya mtu anayekuja, na iko nakuja ya mtu anayeshika kofia yake na kuondoka, na neno ni lilelile. Boniface hakujua amepewa ipi. Akasubiri. Kwanza aliita kwa upole, akamtania mwenzake kwamba anatembea kama bibi harusi. Akaimba kidogo. Mvua ikanyesha huko juu, maji yakaanza kupanda, akaita kwa nguvu, akamwita Joviana, akaita mchana kutwa mpaka sauti ikajaa maji. Ilikoma wakati kuku wanaingia bandani.

"Kumbe alikuwa hai," mtu mmoja alisema.

"Alikuwa hai kabisa," Revocatus akajibu, akavua kofia.

Wanaume wengine nao wakavua zao. Halafu mwanamke mmoja akamwomba Revocatus asogee kidogo, kwa kuwa alikuwa amesimama kwenye mchanga mzuri. Revocatus akasogea.

Joviana alikwenda mwenyewe kumleta askari. Askari alisikiliza mpaka mwisho, soksi zake mkononi. Alikubali kwamba sauti ni ya Lwakatare, na Lwakatare naye hakubisha. Tatizo, alisema, ni shahidi. Maji hayana kitambulisho cha taifa, na kizimbani hayawezi kusimama. Kabla ya kuondoka akaomba karai, akaosha mchanga kidogo.

Kijito kikaendelea kusema kila siku, kuanzia baada ya chakula cha mchana. Mwanzoni Lwakatare alikimbilia nje, akarudi giza likiingia. Baadaye akawa anaongeza sauti ya televisheni. Baadaye tena hakujisumbua. Siku moja Joviana alimkuta anakula ndizi na maharage huku Boniface akiita, na Lwakatare akaomba aletewe chumvi. Hapo Joviana akatambua kwamba katika nyumba ile amebaki mtu mmoja tu ambaye sauti ile inamuumiza, naye ni yeye. Hasira ikampanda mpaka akaona giza.

Kesho yake Ephrasia alimngoja mlangoni.

"Ma Joviana, waitu, nakusihi, kiombe kinyamaze. Si kwa ajili ya mume wangu. Kwa ajili yako. Umekonda, watu wanaona."

Joviana alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu. Angeweza. Neno moja tu la shemeji lingetosha, na Boniface angeacha kufa kila mchana, akapumzika kibanjani chini ya migomba yake. Na yeye angerudi kulala. Lakini Lwakatare angebaki na nyumba, na dhahabu, na ukimya juu yake.

"Nyumba na dhahabu ameshavipata," alisema. "Ukimya hapati."

Akavua viatu, akaingia. Watu walikuwa wameinama na makarai yao, wakamwamkia, wakampisha. Lwakatare, kwenye kochi, akavuta miguu ili apite, akamwita Ephrasia amletee mgeni kigoda. Joviana akaketi karibu na maji, karibu kuliko jana.

"Sema, shemeji."

"Lwaka, nitoe," Boniface akaita. "Ni mguu tu umebanwa."

Kabla kijito hakijafika kwenye jibu, Lwakatare alilitoa mwenyewe, macho kwenye mpira wa televisheni.

"Nakuja."

Boniface akasema sawa, akaanza kusubiri. Joviana akasubiri pamoja naye.