Matumbawe Yaliyovunjwa ili Yapandwe

Wapishi wa hoteli ile walimwita meneja wao Bwana Mazingira, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Jina lilianza siku alipopiga marufuku mirija ya plastiki kwenye baa, akapigwa picha ameshika mrija mmoja kama nyoka aliyemuua kwa mikono yake. Wakati huohuo, nyuma ya chumba cha kufulia, bomba la maji taka lilikuwa likimwaga baharini grisi, sabuni na mengine yasiyotajika mezani. Kulificha, meneja alikuwa amepanda maua.

Mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, alikuwa mwalimu wa kuzamia hapohapo hotelini. Kila msimu alimweleza kaka yake mambo yaleyale: kwamba matumbawe si mapambo bali ni wanyama wadogo wanaojenga taratibu mno, kwamba uchafu wa bomba unanenepesha mwani, nao mwani unawafunika mpaka wanakufa, kwamba samaki kama pono ndio wanaoukwangua mwani huo, lakini pono wote wanaishia kwenye sahani za wageni, kwamba boti zifungwe kwenye maboya badala ya kutupa nanga juu ya mwamba. Kaka alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ikinyesha kwa jirani. Akimaliza, humwambia aandae maelezo mafupi, yenye picha.

Mwaka huo mwenye hoteli alitaka jambo la kutangaza, na Bwana Mazingira akabuni Siku ya Kupanda Matumbawe. Kila mgeni angepewa kipande hai, azame nacho, akakifunge kwenye fremu ya chuma yenye kibao cha jina lake. Fulana zikachapwa, vyeti vikaandaliwa, muziki ukakodiwa. Kulikuwa na kila kitu isipokuwa matumbawe ya kupanda, kwa sababu kuyakuza kitaluni kunataka miezi mingi ya subira, na subira haipendezi pichani.

Siku moja kabla ya sherehe, dada alizama kukagua njia watakayopita wageni, dereva wa boti akimsubiri juu. Upande wa mashariki, ambako uchafu wa bomba haufiki, ndiko kulikobaki matumbawe yenye afya. Alikuta pamenyolewa. Matawi yalikuwa yamepigwa nyundo na patasi, yamebaki mashina yenye vidonda vyeupe. Samaki wadogo wa bluu, waliozoea kujificha mle kila wanapotishwa, walikuwa wakizunguka juu ya vidonda vile bila kujua waingie wapi. Alikaa pale akiwatazama mpaka hewa ya mtungi ikakaribia kwisha.

Alimkuta kaka yake kando ya bwawa la kuogelea, akikagua mabeseni ya maji ya bahari yaliyojaa vipande. Hakuona haya kueleza. Alikuwa ametuma vibarua.

"Wageni wanahitaji kitu cha kushika," alisema. "Tunatoa kule, tunapanda huku. Hakuna kilichopungua."

"Nikikukata vidole nikavipanda mguuni, hutapungukiwa?"

"Usianze, mdogo wangu. Kesho nataka utabasamu tu."

Akamwahidi kwamba atatabasamu.

Kesho yake wageni walijipanga na fulana zao. Bwana Mazingira akahutubia, akaiokoa dunia nzima kabla chai haijapoa. Kisha dada akashika kipaza sauti, akitabasamu, akatangaza kwamba wataanza kwa kutembelea mahali vipande vilikotoka. Meneja akapiga makofi pamoja na wengine, maana hakuwa akisikiliza.

Boti ikawapeleka upande wa mashariki, wakazama, wakarudi juu ya maji. Mama mmoja, daktari mstaafu wa upasuaji, alivua miwani ya kuzamia akauliza ni nani aliyefanya vile.

"Sisi," dada akajibu. "Jana. Ili nyinyi mpate cha kupanda."

Bwana mmoja akauliza kama vyeti bado vitatolewa. Wengi wakarudi baa kuipoza huzuni yao kwa barafu. Daktari na wachache wengine wakabaki, dada akawafundisha kurudisha vipande kwenye mashina yaliyovunjwa na kuvishikiza kwa saruji ya majini. Kazi ile ilichosha, na haikuwa na muziki.

Jioni dada alifukuzwa kazi. Kaka mtu akawahi kwa mama yao kushtaki kwamba ameaibishwa mbele ya wageni. Mama aliwaketisha wote wawili sebuleni, akamwacha mwanawe aseme kuhusu sifa, soko na taswira ya hoteli mpaka akaishiwa maneno.

"Hayo matumbawe," mama akauliza, "wewe umewahi kuyaona?"

Ikabidi akiri kwamba hajui kuogelea. Miaka yote ile aliyatetea kwenye mikutano yenye viyoyozi.

"Mpeleke akayaone," mama akamwambia binti yake, akaenda zake jikoni.

Haikuwa lazima dada asubiri sana kurudi kazini. Daktari na wenzake walimweleza mwenye hoteli kila kitu, na wageni wakaanza kufuta safari. Dhamiri haikumgusa mwenye hoteli. Vyumba vitupu vilimgusa. Maji taka yakajengewa mtambo wa kuyasafisha, maboya yakawekwa, pono wakaondolewa kwenye menyu. Dada akarudishwa kazini kwa sharti lake mwenyewe: upande wa mashariki, mtu ataangalia tu. Vipande vingi walivyovirudisha vilikufa. Vichache vikashika. Kwa juhudi hizo Bwana Mazingira akapewa tuzo, akaipokea bila kupepesa jicho.

Siku moja bahari ikiwa shwari, dada alimvisha koti la kuokolea na miwani, akamshusha pembeni mwa mwamba, mahali maji yalipokuwa ya kifuani. Meneja akatumbukiza uso, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko dada alivyotarajia. Alipouinua alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nilidhani ni mawe," alisema.

"Inua miguu, kaka," dada akamwambia. "Unayakanyaga."