Mjane Kwenye Shimo la Tano

Kina mama wanne wa kanisa walipofika kumfumania Anastasie, walimkuta anapigana na ardhi. Alikuwa amesimama peke yake kwenye uwanja wa mazoezi ya gofu, pale Grand Prairie, Marekani, amevaa nyeusi tangu kilemba hadi soksi, na mikononi ameshika fimbo ya chuma. Aliiinua mpaka nyuma ya bega, akaishusha kwa nguvu zake zote, na bonge la nyasi kavu likaruka mbali kuliko mpira. Ilikuwa mwisho wa Februari. Juma lililopita barafu ilikuwa imevunja matawi ya miti mji mzima, na sasa upepo wa kaskazini ulikuwa ukipita kukusanya mabaki.

"Mwanaume iko wapi?" akauliza Mama Esperance, mwenyekiti wa kina mama, akishuka kwenye gari huku ameshikilia kitambaa chake kichwani.

"Mwanaume gani?"

"Ule unakujaka kuona hapa kila Jumanne. Ulituambia unaenda kliniki. Kliniki gani haina hata daktari?"

Anastasie akawatazama. Walikuwa wamevaa sare ya kitenge ya kanisa na juu yake makoti mazito. Mmoja alibeba Biblia na mwingine chupa ya chai ya tangawizi, maana walikusudia kukemea kwanza na kufariji baadaye. Aibu ilimpanda, kisha kabla haijafika usoni ikageuka kuwa kitu kingine. Akanyoosha fimbo kuelekea mpira uliokuwa miguuni pake.

"Ndiye huyu. Mdogo, mweupe, na hanisikii hata nikimbembeleza."

Hakuna aliyecheka. Mama Esperance aliutazama ule mpira kwa muda, akamtazama na mjane wake, akasema kwa sauti ya chini, "Afadhali angekuwa mwanaume. Mwanaume tungejua la kufanya naye."

Mume wa Anastasie, Fidèle, alifariki Machi ya mwaka uliopita. Alirudi kutoka zamu ya ghalani, akavua viatu, akaketi, asiinuke tena. Tangu siku ile mkewe alikuwa mali ya msiba. Mila ya kwao ilimtaka avae nyeusi mwaka mzima, akae kiti cha mbele kanisani ambako kila mtu angemwona, asiimbe harusini, asicheke akasikika. Mwaka ukiisha, familia ya mume ingekusanyika, imvue zile nguo mbele ya watu na kumfunga kitenge cha rangi. Mjane hajivui mwenyewe. Mama Esperance alikuwa akimkumbusha hilo kila aliponung'unika. Yeye alifiwa kwenye kambi ya wakimbizi, ndugu za mumewe wakiwa ng'ambo ya ziwa, na kwa kukosa mtu wa kumvua alikaa na nyeusi miaka minne. "Na sikufa," alikuwa akisema. Aliyasema hayo kwa majivuno, lakini baada ya hapo kila mara alinyamaza.

Anastasie hakuichukia nyeusi. Alimpenda Fidèle na alimlilia mpaka koo likamkauka. Kilichomchosha ni pole. Pole dukani, pole kazini, pole kwenye maegesho ya magari, pole kutoka kwa watu ambao hawakumjua Fidèle wala hawakumjua yeye. Pole ni neno zuri, lakini ukilishwa mwaka mzima, asubuhi na jioni, linakukaa tumboni kama ugali mbichi.

Aliyemtoa huko alikuwa Everline, Mkenya wa Eldoret waliyefungasha naye maboksi meza moja kazini. "Wewe unahitaji kitu cha kupiga," Everline alimwambia siku moja ya vuli walipokuwa wakila chakula cha mchana. "Kitu hakitalia, hakitaita polisi. Jumanne tuko off. Nitakupitia."

Siku ya kwanza alilima. Ilichokijua mikono yake tangu utotoni ni jembe, na aliinua fimbo akaishusha vilevile, mpaka Everline akaketi chini kwa kicheko. "Sasa unapanda mihogo ama unacheza?" Alirudia, akarudia, na katika kurudia huko mpira mmoja ukakubali. Uliondoka bila kelele, ukapanda juu ya nyasi za kahawia, ukawa mdogo, ukapotea. Anastasie akacheka kwa sauti kubwa. Upesi akaziba mdomo na kuangalia huku na huku. Wanaume wawili wa jirani waliendelea kupiga mipira yao. Hakuna aliyemjali, na hakuna aliyemwambia pole. Akautoa mkono mdomoni.

Sasa siri ilikuwa nje, pamoja na tarehe ya mashindano aliyojiandikisha, na siri ikitoka Grand Prairie haichelewi kufika Houston. Jioni ileile simu ikalia. Alikuwa Heritier, mdogo wake Fidèle, ambaye baada ya kifo kile ndiye aliyekuwa kichwa cha familia, ingawa aliishi Missouri City, kando ya Houston, mwendo wa saa nne kwa gari.

"Mama Merveille," alianza kwa heshima, akimwita kwa jina la bintiye, "mwaka umefika. Tumekaa kama familia, tumepanga. Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa nne asubuhi, tutakuvua nyeusi. Ukumbi tumepata, kule Garland."

Anastasie alishika kiti. "Shemeji, Jumamosi hiyo asubuhi nina jambo. Nimejiandikisha na mwenzangu kwenye mashindano ya wanawake, ya kufungua msimu. Tunacheza wawiliwawili. Nisipofika, naye ametolewa. Tufanye saa nane mchana, nakuomba."

"Najua una jambo. Mama Esperance amenieleza jambo lako."

Ndipo alipoelewa kwamba ile tarehe haikuangukia pale kwa bahati.

"Ule alikuwa ndugu yangu," Heritier akaendelea, na sauti yake ikakwaruza, kwa kuwa naye alikuwa mfiwa na hakuna aliyempa kiti cha mbele. "Titi tulilonyonya ni moja. Mimi sitasimama mbele ya watu niseme bibi ya kaka yangu tumuvumilie, bado anafukuza kampira na wazungu. Kilio hakingojaki muchezo."

Maisha yake yote Anastasie alikuwa ameomba. Aliomba kibali cha kutoka kambini, aliomba zamu ya mchana, aliomba ruhusa ya kukaa na ya kusimama. Alifungua mdomo aombe tena, na neno la kuombea halikuja.

"Fidèle alingoja miaka kumi na mitatu kambini Nyarugusu," akasema. "Alingoja jina lake lisomwe, akangoja ndege, akangoja karatasi. Nyinyi ndugu zake mnashindwa kuningoja mpaka saa nane?"



"Usipokuwa ukumbini saa nne," Heritier akasema, "hakuna mtu wa ukoo wetu atakuvua tena. Utakaa na nyeusi yako mpaka ikuozee mwilini."

Jumamosi ilipofika, alipiga pasi blauzi yake nyeusi mbele ya picha ya marehemu. Fidèle alikuwa akiona gofu kwenye televisheni anacheka: watu wazima, na gari lao dogo, wanatafuta kitu walichokitupa wenyewe. Je, angekasirika? Angekuja kumshangilia? Anastasie hakujua. Wafu hutuachia maswali waliyozoea kutujibia, na hili hakuwa na wa kumuuliza. Aliichukua fimbo aliyouziwa na Everline kwa bei ya kirafiki, akafunga kilemba chake vizuri, akatoka.

Uwanjani miti ya mapambo ilikuwa imeanza kuchanua maua meupe kwa ukaidi, kana kwamba barafu ilikuwa uvumi tu. Nyasi bado zilikuwa kahawia, ila kwenye grini, yale maeneo laini yenye mashimo, ukijani ulikuwa umeshaanza kujitokeza. Bibi mmoja mzee wa Kimarekani aliyesimamia mashindano aliwapanga, akawakumbusha kwamba mtu akielekea kupiga, wengine wote wananyamaza.

Walicheza vibaya. Shimo la kwanza Anastasie alilisha bwawa mpira. La pili Everline aliingia kwenye mchanga, akatoka, akaingia tena. La tatu na la nne waliyamaliza ilimradi wameyamaliza. Walipofika la tano, simu kwenye mfuko wa fimbo ikaanza kulia. Saa nne ilikuwa imetimia.

"Unataka kushika?" Everline akauliza.

"Hapana."

Ikakatika, ikalia tena, ikakatika. Hapo ndipo Everline akamgusa kiwiko. "Aki, Ana. Angalia."

Kina mama walikuwa wakija. Hawakufuata njia ya pembeni. Waliukata uwanja katikati, wanne wote, viatu vya visigino vikizama kwenye udongo wenye unyevu, na watu wa shimo la jirani wakiwapigia kelele wahame. Wao waliwapungia mkono, wakidhani wanasalimiwa. Mbele alikuwa Mama Esperance, kifuani amekumbatia furushi: kitenge kipya cha kumfunga mjane.

Wamekuja kunikokota, Anastasie aliwaza. Mpira wake ulikuwa kwenye grini, hatua chache tu kutoka shimoni, na zamu ya kupiga ilikuwa yake. Akatazama wale wanawake, akatazama mpira. Wangoje, akasema moyoni. Leo wataningoja. Akainama.

Mama Esperance alifika anahema, akafungua mdomo. Yule bibi msimamizi, aliyekuwa akiyazungukia mashimo, akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe: shhh. Mama Esperance hakuwahi kunyamazishwa na mtu, hata mchungaji hajathubutu. Akanyamaza. Na wenzake wakanyamaza, wakajipanga kuzunguka ukingo, mikono mbele, vichwa chini.

Kwa pembe ya jicho Anastasie aliwaona. Aliijua picha hii. Wanawake hawahawa, makoti hayahaya, upepo uleule wa Machi, wamesimama kimya kwenye nyasi kulizunguka shimo, na yeye katikati, amevaa nyeusi. Siku ile ya mazishi mikono yake ilikuwa mitupu. Walimshika huku na huku asianguke, wakamgeuza kumwondoa kabla hajatosheka kutazama.

Leo hakuna aliyemshika. Machozi yalimjaa, akayaacha yashuke. Akapiga.

Mpira ukatambaa, ukapinda kidogo, ukaifuata njia, ukapunguza mwendo. Ukasimama ukingoni kabisa, upana wa kidole kutoka shimoni.

Na kina mama wakalipuka kwa vigelegele. Wangejuaje kanuni zake? Kampira kalikuwa mbali, sasa kako karibu na shimo. Kama huo si ushindi, ushindi ni upi? Walirukaruka, mmoja akatoa leso akaipunga, ndege weusi wakaruka kutoka mitini, na wachezaji mpaka shimo la tisa wakageuka kuangalia.

"Lakini haijaingi..." Everline alianza.

"Waache," akasema Anastasie.

Alisogea, akaweka sarafu nyuma ya mpira kuashiria mahali pake, kama alivyofundishwa, akauokota. Ulikuwa na matope. Akapeleka mkono kichwani, akafungua kilemba cheusi, akakitumia kuufuta mpira, taratibu, pande zote, mpaka ukang'aa. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi mwaka ule, na upepo ukazipata.

Vigelegele vilikufa.

"Mama Merveille," Mama Esperance akasema. "Hiyo ni familia ndiyo inatoa."

"Familia iko wapi?"

"Iko ukumbini. Inangoja. Shemeji yako ametutuma tangu asubuhi tukulete."

"Nitakuja," akasema Anastasie. "Nikimaliza."

Akarudisha mpira mahali pake, akaondoa sarafu, akaugusa kwa fimbo. Ukaanguka ndani, ukatoa sauti ndogo ya kugonga kikombe kilichomo shimoni. Safari hii hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa wao walikwisha kushangilia. Aliyeisikia sauti ile vizuri alikuwa yeye.

Mama Esperance alikuwa bado anakitazama kile kilemba chenye matope. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko kitambaa kinavyostahili kutazamwa. Kisha akanyoosha mkono, na Anastasie, kwa kusitasita, akampa. Akakikunja mara moja, akakikunja tena, akakitia kwenye mkoba wake.

"Miaka minne," akasema, wala hakusema na mtu.

Simu yake ikaanza kulia. Akaitoa, akasoma jina. Wote walijua ni nani. Akaitumbukiza mkobani, chini ya kile kitambaa, ikiwa bado inalia.

"Imekwisha hii?"

"Bado, Mama. Yamebaki mashimo manne."

Mama Esperance akampa mwenzake furushi la kitenge, akainama, akavua viatu vya visigino, kimoja baada ya kingine, akavishika mkononi. Nyasi za Machi zilikuwa baridi, akakunja uso.

"Basi," akasema, "la sita liko upande gani?"