Siku Bila Dawa

Saa moja asubuhi nilimwona nguruwe mmoja wa kizimba cha dirishani amejitenga na wenzake, mbavu zinapanda na kushuka harakaharaka. Nimefuga nguruwe hapa mkoani Brabant miaka thelathini, pumzi ile naijua. Ni mapafu. Dawa yake daktari wa mifugo alishatuachia kwenye friji.

"Tumchome wageni wa Jumapili wakishaondoka, Toos," mume wangu Sjef akaniambia.

Watu wa mjini walipoanza kutuita watesaji wa wanyama, Sjef alitoboa ukuta wa banda akaweka kioo kikubwa, ili kila apitaye na baiskeli ajionee. Juu ya kioo akatundika ubao wa kuhesabu siku tulizokaa bila kumpa nguruwe yeyote dawa. Siku hizo zilikuwa zimepita mia mbili. Watu waliupenda ubao kuliko nguruwe wenyewe, na kila Jumapili walikuja kupiga nao picha. Sindano moja tu, tunaanza upya mbele ya kadamnasi.

Nikabisha. Sjef akasema ni masaa manne tu, nguruwe hafi kwa masaa manne. Nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Saa nne wakaja. Nikawakatia keki ya cheri, macho yangu yako kwenye kioo. Mama mmoja, Annelies, akatusifu sana, akasema nyumbani kwake nyama ya mnyama aliyetiwa dawa haivuki mlango. Kisha akauliza yule wa pembeni ana nini.

"Amechoka," nikasema. "Anapumzika."

Akaridhika. Mimi nikajichukia. Nguruwe sasa alikuwa ameachama, anatafuta hewa.

"Nimekudanganya, mama. Anaumwa tangu asubuhi."

"Sasa mbona hamumtibu?"

"Tukimtibu, utamla?"

Nikaacha keki mezani, nikaenda kuchukua dawa kwenye friji.

Bandani kwetu huingii mpaka uoge kuanzia kichwani, uvae ovaroli ya humo humo, usije ukawapelekea nguruwe ugonjwa wa nje. Nilioga harakaharaka, sabuni inaniponyoka. Nikamchoma sindano nyuma ya sikio, nywele zangu zinachuruzika maji, wageni wamejipanga nyuma ya kioo. Nilipoinua kichwa, wengi walishaanza kutafuta baiskeli zao. Sjef alikuwa anafuta ubao, na hakunitazama.

Saa nane nguruwe alikufa, kichwa chake mapajani mwangu. Nililia, na sioni aibu kusema.

Daktari alipofika akampapasa, akauliza tulianza lini kumwona anaumwa. Sjef akakohoa, akasema kama saa tano hivi, dawa tukampa hapo hapo.

"Saa moja," nikasema. "Tulimwona sote wawili."